Shangazi Jikoni: Kula hoteli za kienyeji Italia ya kusini

Assalaam alaykum wasomaji. Toleo lililopita niligusia kidogo tu Wataliana wanaojaa Kiwengwa na vyakula wanavyovitamani wakiwa huku kwetu, kumbe nimechokoza nyuki, barua karibu zote za mwezi huu ni za watu wanaokwenda wao huko Italia. Mmoja kaalikwa, mwengine mtoto wake kapata chuo, mwengine keshakwenda kesharudi na hasira zake za bili anazo bado. Basi leo safu yote yenu. Nazungumzia kusini tu, Napoli kuteremka mpaka Puglia na Sicilia, mana huko ndo nnakokujua, kaskazini wana mambo yao.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni weta katika hoteli moja Kiwengwa, Kitaliana nazungumza vizuri tu. Sasa kuna mtu na mkewe, wageni wetu wa kila mwaka, wamenialika kwao Bari mwezi wa sita na wanasema siku ya kwanza tu wananipeleka trattoria, yaani hoteli ya chakula ya kienyeji, inayojaa watu wa mji. Mimi nimezoea kuwaona kwenye bafe, kila mtu anajichotea anachotaka kwa mpigo mmoja. Huko nasikia chakula kinakuja kwa zamu zamu. Nile vipi nisiaibike? – Weta wa Kiwengwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Lugha unayo, hilo peke yake limekuokoa na mengi, kilichobaki ni saa na tumbo.

Saa kwanza. Usitegemee kupata chakula cha maana saa kumi jioni kwa sababu njaa imekushika, jiko limefungwa hilo. Mchana wanafungua kama saa sita na nusu mpaka saa tisa hivi, baada ya hapo kimya, mwenye hoteli kaenda zake kulala, na usiku wanafungua tena saa moja na nusu au saa mbili, ila watu wenyewe wa Bari kwa joto la mwezi wa sita wanaanza kuingia saa tatu, saa tatu na nusu, na watoto wao wadogo wako macho wanakimbizana baina ya meza wala hakuna anayeshangaa. Siku moja katika wiki wanafunga kabisa, kila mmoja na siku yake. Kama mahali pana jina wenyeji wako wapige simu mapema, na mukifika musijikalie tu popote, simameni mlangoni museme muko wangapi mpaka muoneshwe meza.

Sasa tumbo. Majina unayajua kwa sababu unawasikia wageni: antipasto ya kuanzia, primo ya tambi au wali, secondo ya nyama au samaki na contorno yake ya mboga pembeni, halafu dolce, yaani kitamu, na kahawa. Usichokijua ni kwamba Puglia antipasto peke yake ni karamu. Hoteli nyengine hazina hata menyu ya karatasi, mwenyewe anakuja na eproni yake anasimama mbele ya meza anakutajia vyakula vyote kwa pumzi moja, halafu anamaliza na "faccio io?" yaani niachie mimi nipange. Mwenyeji wako akikubali tu, imekuwa. Vinaanza kuja visahani: saladi ya pweza na mbatata, kome wa maganda meusi waliojazwa na kuokwa, biringani la kuchoma, dagaa wa siki, vidonge vya mkate vya kukaanga, burrata ya Andria, jibini laini ambayo ukiipasua inamwaga malai, na maharage ya fava yaliyopondwa mpaka yakawa uji mzito, juu yake mboga chungu ya cicoria na mafuta ya zaituni ya kijani yanayowasha koo kidogo (hicho usikiache, ni chakula cha kimaskini na mimi nakiona ndo bora kuliko vyote mezani). Visahani vinafika vinane, kumi, huna pa kuweka kiwiko. Mtu wa kwetu anadhani ndo chakula chenyewe, anakula kwa adabu anamaliza kila kitu, anafuta mdomo, anasema alhamdulillah, na hapo ndo anamuona jamaa karudi na kijitabu chake anauliza, haya, na primo tunakula nini?

Kwa hiyo onja onja tu, acha nafasi. Na si lazima upitie zamu zote, wenyewe siku za kawaida wanakula antipasto na primo wanaondoka, au primo na saladi. Ukikataa secondo hujamtukana mtu.

Kwenye primo ningekuwa mimi ningeagiza orecchiette, vitambi vidogo mfano wa sikio, za cime di rapa, mboga ya majani iliyopikwa na thaumu, pilipili kavu na samaki mdogo wa chumvi aliyeyeyuka kwenye mafuta. Waambie wakupitishe Arco Basso kule Bari ya zamani ukawaone kina mama wamekaa vibarazani na mbao zao, unga wa ngano ngumu na maji tu, hakuna yai, anaviringisha utepe, anakata kwa kisu kisichokuwa na makali, anauburuza ule uso wa kisu juu ya kipande na kukipindua kwenye kidole gumba, na huku anapiga soga na jirani yake wala haangalii mikono. Na kama siku hiyo ipo riso, patate e cozze, chukua. Mchele, mbatata, kome, tungule, kitunguu na jibini kidogo, vinapangwa tabaka tabaka kwenye sinia la udongo na kuokwa pamoja. Mzanzibari yeyote anakielewa hichi bila kuelezwa.

Asubuhi ya siku hiyo wakupeleke bandari ya zamani, wenyewe wanapaita N'dèrr'a la lanze. Mvuvi anamkamata pweza anampigiza juu ya mawe, tena na tena, mpaka alainike, halafu anamsugua na maji ya bahari mpaka povu litoke, halafu anamtia kwenye kikapu anamzungusha zungusha mpaka mikono yote inajikunja ncha. Mpaka hapo uko Jambiani kabisa. Ila sisi baada ya hapo tunamtia chunguni, wao wanamkata na kumla vile vile mbichi, wamesimama. Mimi sikuweza, nikitafuna nasikia meno yanateleza. Kwenye hoteli samaki na pweza wa kuliwa mbichi sheria za Ulaya zinataka wagandishwe kwanza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 ili minyoo ife, lakini pale gatini unamla alivyotoka. Ukitaka wa kupikwa sema tu.

Madogo madogo: tambi hukati kwa kisu, unaviringisha kwa uma. Jibini juu ya tambi za samaki usiombe. Mkate ni wa kufutia sosi mwisho, hapo hata wazee wanaufuta mpaka sahani inang'ara, na ukiwekewa wa Altamura, ule wa rangi ya manjano wenye gamba gumu, utasahau boflo. Na bili wewe mgeni usigombanie, wapelekee karafuu na iliki nzuri uwaachie nyumbani.

SWALI: Shangazi, mwanangu wa kiume kapata chuo Napoli. Hofu yangu nguruwe na ulevi. Namwambia ajipikie, yeye anasema mama wenzangu watanialika hotelini, siwezi kukataa kila siku. Ale nini na aepuke nini? – Mama Mpemba, Wete

JIBU: Hongera mama mwenzangu kwa chuo. Nikutoe hofu kwanza, kusini kijana anaweza kula mwaka mzima hotelini bila kugusa nyama na asikonde, mana chakula cha asili cha kule ni cha watu waliokuwa hawana pesa, mboga, kunde, samaki wadogo, unga na zaituni. Nyama za hoteli za kawaida hazikuchinjwa kikwetu, na hilo la nyama ya Ahlul Kitab mimi si shekhe, amuulize shekhe wake kabla hajapanda ndege. Mimi ntazungumza ya jikoni.

Nguruwe anayeonekana ana majina mengi ayakariri: maiale, prosciutto, salame, salsiccia, pancetta, guanciale, capocollo, mortadella. Asiseme tu "senza carne", bila nyama, akadhani kamaliza, kuna watu kwao vipande vya prosciutto ndani ya chakula havihesabiwi kuwa ni nyama, ni ladha tu. Wakienda Calabria kuna 'nduja, hii aiogope zaidi kuliko zote, nyekundu ya pilipili, laini, inapakwa kwenye mkate na kuyeyushwa kwenye sosi, ukiitizama kwa mbali unasema hii achari, kumbe nguruwe mtupu. Puglia huko Cisternino na Martina Franca kuna mabucha yanakuchomea nyama hapo hapo unakaa unakula, moshi unanukia njia nzima, na kinachofuatwa pale ni bombette, ambazo ni za nguruwe. Na Napoli kwenyewe ragù ya Jumapili inatokota masaa na vipande vya ng'ombe na vya nguruwe chungu kimoja, kwa hiyo hata akiletewa tambi na sosi tupu bila kipande, sosi ile keshapikwa naye.

Asiyeonekana ndo mbaya zaidi. Strutto, mafuta ya nguruwe, Napoli wanayaita sugna au 'nzogna. Yamo kwenye unga wa vitamu vyao, sfogliatella zile za matabaka, yamo kwenye pasticciotto za Lecce kwa kawaida ya zamani, kwenye gamba la cannolo la Sicilia, na kwenye taralli, biskuti za duara za Napoli za lozi na pilipili manga ambazo zinauzwa kila kona na harufu yake inaita. Baadhi ya mikate pia. Skuhizi wapo wanaotumia siagi au mafuta mengine, kwa hiyo jibu ni moja, aulize. Mvinyo nao unamwagwa kwenye kome, kwenye chaza, kwenye risotto, kidogo tu kikaango kikiwa moto, na mpishi hata hakumbuki kuwa ametia. Keki ya babà imelowekwa kwenye ramu tepe tepe, hiyo haina mjadala, na tiramisù mara nyingi ina kileo.

Sasa kijana wetu anafanyaje, anaona haya kuuliza, mana sisi tumelelewa hivyo, chakula cha watu hakichunguzwi. Haya hiyo aiache uwanja wa ndege. Na asiseme "sono musulmano", mimi Muislamu, halafu akanyamaza, weta ataondoa nguruwe anayeonekana na mengine hayajui. Aseme hivi, tena mwanzo kabisa kabla ya kuagiza: "Non mangio maiale, neanche strutto, e senza vino nella cottura, per favore," yaani sili nguruwe, hata mafuta yake, na kisipikwe kwa mvinyo tafadhali. Huyo mtu ataingia jikoni kuuliza, atarudi atamwambia hichi ndio hichi siyo. Wanaelewa wale, watu wa kusini, hawachukii swali la chakula, wanachukia mtu anayebakisha.

Vya kumtuliza moyo: spaghetti al pomodoro, tambi za biringani na ricotta ya chumvi zile wanazoziita alla Norma kule Catania, saladi ya pweza, dagaa wa kukaanga, biringani la parmigiana, na mboga za contorno zote akishauliza mafuta. Jibini gumu kama Parmigiano linagandishwa kwa kitu cha tumboni mwa ndama, hilo nalo ni la shekhe. Na kwa vile watu wananiuliza sana, ndiyo, Puglia wanakula farasi, Bari wanamviringisha kwenye sosi ya tungule na Salento wanampika vipande vipande. Kwetu Mashafii farasi mwenyewe hana tabu, swali ni nani kamchinja.

Mwisho wa chakula mwenye hoteli akimpenda atamletea kigilasi cha limoncello au amaro, vileo vyao hivyo, bure, kwa mapenzi. Aweke mkono kifuani aseme "grazie, non bevo", asante sinywi, na aombe kahawa. Hawamlazimishi.

SWALI: Mimi sina swali nina hasira. Tulikuwa wanne, mji mmoja wa pwani karibu na Napoli, hoteli siitaji. Kwenye menyu samaki kaandikwa 6, tukasema euro 6 rahisi hiyo, tukala mmoja mkubwa kwa pamoja. Bili imekuja samaki peke yake euro 84 na chini yake euro 10 za kitu kinaitwa coperto ambacho hatukukiagiza. Huu si wizi? – Mfanyabiashara, Darajani

JIBU: Pole kaka. Hizo 10 nakwambia mapema hazina neno. Coperto ni pesa ya kukaa mezani, kila kichwa euro moja na nusu, mbili, mpaka tatu, na ndani yake kuna mkate. Nyie wanne kwa 2.50 ndo hizo 10. Inatakiwa iwe imeandikwa kwenye menyu na mara nyingi imeandikwa chini kabisa kwa herufi za sisimizi. Haikwepeki. Maji nayo ya kununua, chupa naturale ya kawaida au frizzante ya gesi, hawakuwekei jagi la bure.

Samaki sasa. Pembeni ya ile 6 naamini kulikuwa na neno dogo, "l'etto" au "all'etto" au "hg". Etto ni gramu 100. Samaki wenu alikuwa kilo moja na gramu 400, yaani etti 14, mara 6, ndo 84. Na anapimwa mbichi, kichwa na mifupa yake yote, kabla hajaingia motoni. Sehemu nyengine hawaandiki bei kabisa wanaandika S.Q., maana yake itategemea uzito. Sasa kama hawakukuoneshea samaki wala mizani, hapo mimi niko upande wako, hata kama hesabu imekaa sawa mtu kakunyamazia makusudi. Hoteli ya watu wa mji samaki anakuja mezani kwenye sinia unamuona macho, unauliza "quanto pesa?", anakwambia uzito, unapiga hesabu kwenye simu yako, unasema huyu hapana niletee mdogo. Ukiona nyota pembeni ya jina la samaki ujue ni wa barafu, wanalazimika kumwandika.

Halafu tusijifanye watakatifu, na sisi Forodhani mgeni anaelekezewa kidole mshikaki wa kamba bila bei, anakuja kushtuka sahani ikishajaa. Tofauti ni kuwa huko leo ulikuwa wewe ndo mgeni.

SWALI: Shangazi tulikuwa fungate Napoli. Tukasimama foleni pizzeria ya watu wengi, pizza imekuja katikati teketeke, ukiinyanyua inachuruzika, pembeni ina madoa meusi ya kuungua. Mume wangu alitaka kuirudisha jikoni nikamshika mkono. Nani alikuwa sawa? – Bi Harusi, Mbweni

JIBU: Wewe. Ndivyo inavyotakiwa. Tanuri la kuni la Napoli lina joto la nyuzi 430 mpaka 480 na kitu, pizza inakaa humo sekunde 60 mpaka 90 imetoka, kwa hiyo ukingo unavimba na kupata madoa na katikati inabaki laini na maji ya tungule. Akiikausha mpaka isimame yenyewe wenyewe wanasema kaiharibu. Ufundi huu UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, ufundi wa mpishi, si pizza yenyewe. Wanakula kwa kisu na uma katikati, halafu pembeni kwa mkono, na ile ya njiani wanaikunja mara mbili ikawa robo wanaila wanatembea. Kila mtu na yake, msigawane kipande kipande kama tunavyofanya huku, ukiagiza moja kwa watu wanne foleni yote nyuma inakutizama.

Mkirudi nendeni Da Michele, wapo tangu 1870, mlangoni unachukua namba unasubiri barabarani mpaka uitwe, na umashuhuri wake wote ni aina mbili tu, margherita na marinara. Hiyo marinara mumeo aijaribu, haina jibini wala samaki, ni tungule, thaumu, oregano na mafuta, basi. Margherita wenyewe wanahadithia kuwa ilipewa jina la malkia wao mwaka 1889, na wapo wanaobisha hadithi hiyo. Nyengine ipo ya kale inaitwa mastunicola, hiyo ina mafuta ya nguruwe, muipite. Na tafadhali usimuhadithie mpishi wa Napoli ile pizza yetu ya Forodhani ya kima na yai na mayonezi, nilijaribu kumuelezea mmoja akaweka mwiko chini.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa historia Chake Chake. Sicilia ilikuwa chini ya Waislamu miaka mingi. Mezani kumebaki kitu, au ni historia tu ya vitabuni? – Maalim

JIBU: Wa alaykum salaam maalim. Kumebaki, tena si kidogo. Wewe unajua tarehe kuliko mimi, walishuka 827, Palermo wakaichukua 831, Wanorman wakaja kuitoa mikononi mwao 1072 na kisiwa kizima 1091. Ndimu, machungwa makali, miwa na ufundi wa kumwagilia mashamba wanausifia utawala ule mpaka leo.

Nenda Trapani, magharibi, ukaagize cuscusu. Ndiyo, kuskusi ile ile, lakini ya samaki. Mama anakaa na bakuli kubwa la udongo, ananyunyiza maji kwenye unga wa ngano ngumu anauzungusha kwa ncha za vidole mpaka unakuwa punje punje, anaupika kwa mvuke, halafu anaumwagia mchuzi wa samaki wa kila aina waliochemshwa mpaka wakayeyuka, akaufunika na blanketi ujinywee. Mchuzi mwengine unaletewa pembeni uongeze mwenyewe. Hichi chakula ukikila huongei. San Vito Lo Capo, karibu na hapo, wanakifanyia tamasha kila mwezi wa tisa.

Palermo uliza pasta con le sarde, tambi na samaki wadogo, zafarani, shamari ya porini, halafu ndani yake mna zabibu na mbegu za msonobari. Wageni wa kaskazini wanazichambua zabibu pembeni wanashangaa imekuwaje tamu ikaingia kwenye samaki, wewe mla biriani hutoshangaa. Na kwenye masoko kama Ballarò na Il Capo utakuta panelle, unga wa dengu uliosongwa, ukakatwa vipande vyembamba ukakaangwa, unatiwa ndani ya mkate na ndimu. Bajia hizo maalim, wamezinyoosha tu. Lakini angalia muuzaji huyo huyo anaweza kuwa na mkate wa wengu pembeni, na wengu linakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo tizama kikaango kabla hujafungua pochi. Zile duara za wali za kukaanga, arancine, nazo zichunguze, ile wanayoiita al burro ndani ina ham ya nguruwe na jina halikwambii.

Pweza wa kuchemsha wanamuuza kwenye vibanda, moto moto, anakatwa mbele yako na ndimu juu. Huyo amepikwa alhamdulillah.

SWALI: Ni kweli ukiagiza cappuccino baada ya chakula cha mchana wanakucheka? – Msomaji, Paje

JIBU: Wanakuletea, pesa yako. Ila maziwa kwao ni ya asubuhi, juu ya tumbo lililojaa wanaona unajitafutia maradhi. Chukua kahawa nyeusi ya kikombe kidogo. Na joto likizidi ukiwa Lecce omba caffè in ghiaccio con latte di mandorla, kahawa ya moto inamiminwa juu ya barafu na maziwa ya lozi matamu. Nimeijaribu nyumbani kwa sharubati ya lozi, inakubali.

SWALI: Shangazi, nikishiba naweza kufungiwa kilichobaki? Na bakhshishi naacha kiasi gani? – Mtu Mzima, Mkoani

JIBU: Pizza wanakufungia bila maneno, wana maboksi. Vyengine unaomba, "posso portarlo via?", wazee wengine watakutizama kidogo lakini watafunga, samaki tu ndo ningemmaliza pale pale. Bakhshishi hulazimiki, watu wa mji wanaacha euro moja mbili au chenji iliyobaki mezani, na pengine hawaachi kitu. Ila bili haiji yenyewe hata ukae mpaka saa sita ya usiku, kwao kukuletea bila kuombwa ni kukufukuza, sema "il conto, per favore", uisome mstari mstari, na risiti ondoka nayo.